Kitengela Chini

Mume wangu ana anga lake kwenye kona ya sebule. Ni kompyuta ya zamani iliyotolewa ofisini kwao, imekaa juu ya meza ndogo kati ya kabati la vyombo na dirisha. Waya wake unapanda ukutani, unatoboa dari na kutokea kwenye paa, ambapo alifunga antena ubavuni mwa tangi la maji. Antena hiyo hunasa ishara ambazo ndege hutoa zikiwa safarini, kila moja ikijitaja ni nani, iko wapi na iko juu kiasi gani. Programu iliyo ndani ya kompyuta huzichora kwenye ramani. Kwa hiyo mtu anaweza kuketi Kitengela akiwa amevaa soksi tu, akajua nani anapita juu ya Isinya na anaelekea wapi. Sijawahi kumuuliza inamsaidia nini. Wanaume wengine wana mpira.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba hakuwa akitazama ndege peke yake. Alikuwa akipanga namna ya kuzitazama. Programu ile inakuruhusu kuvuta ramani hadi mahali unapopataka, kuchagua rangi ya ardhi, kuamua kama kila ndege iburute mstari wa njia iliyopitia, na maandishi gani yatokee kando yake. Halafu unaweka chujio: nionyeshe za mizigo tu, au zilizo chini ya kimo fulani tu, nyingine zifiche. Ukiridhika unahifadhi na kuipa jina, na kesho ukibonyeza jina hilo kila kitu kinarudi ulivyokiacha. Yeye huita kila moja "view". Alikuwa na Mizigo, ya ndege zinazobeba maua kwenda ng'ambo. Alikuwa na Mvua, iliyofunikwa mawingu. Alikuwa na Wageni, yenye rangi za kupendeza, ambayo aliifungua tukiwa na watu nyumbani. Na alikuwa na Kitengela Chini.

Kitengela Chini ilionyesha mtaa wetu na viunga vyake, tangu kwenye kwari za mawe hadi nyanda za kuelekea Isinya, na chujio lake liliruhusu ndege zinazoruka chini pekee. Siku zote ilikuwa tupu, na huo utupu ndio uliokuwa fahari yake. Tulipokuwa tukinunua kiwanja, kaka yangu alikuja kutoka Bungoma kukiona, akasema tutaishi na kelele za ndege mpaka tuzeeke, kwa sababu uwanja mkubwa hauko mbali. Mume wangu ndiye aliyekuwa amekichagua kile kiwanja na maneno yale hayakumtoka. Tangu hapo, kila kaka yangu alipotutembelea aliketishwa mbele ya Kitengela Chini na kuonyeshwa ramani isiyo na kitu.

"Unaona, shem? Kimya."

Kaka yangu alikunywa chai yake na kusema anaona.

Mimi niliacha kazi ya bima mjini ili nifuge kuku wa mayai. Watu walinipa sababu nyingi nzuri za kuacha, mara watoto, mara afya, lakini ukweli ni kwamba nilichoka kuondoka kwangu kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, nikawa naijua nyumba yangu kwa taa ya umeme tu. Tulijenga banda nyuma ya nyumba, mabati juu, wavu pembeni, maranda chini. Kuku walianza kutaga na nikawa nauzia maduka ya mtaani na hoteli moja iliyo barabara ya Namanga. Nilifurahi. Nalisema wazi kwa sababu baadaye kulikuwa na kipindi ambacho hata mimi nilikuwa nimelisahau.

Mtu asiyeishi huku hajui jinsi mtaa wetu unavyokuwa mchana. Asubuhi watu wote wanamwagika kwenda Nairobi na kwenye viwanda vya Athi River. Wanaobaki ni walinzi wa mageti, wasichana wa kazi na malori ya mawe. Mtu mzima mwenzangu upande ule alikuwa jirani mmoja wa Kimaasai, mama mwenye mbuzi, ambaye ardhi yake ilikuwa pale kabla sisi wote hatujaja na uzio wetu. Yeye ndiye aliyeniita Mama Kuku, na jina likashika.

Ilitokea mara ya kwanza nikiwa naanika nguo. Nilihisi kivuli kikipita juu ya shuka, nikainua uso. Ndege ndogo, nyeupe, ilikuwa inashuka kuelekea kwetu bila sauti yoyote, kama kitu kilichoachiliwa. Nilisimama na vibanio mkononi. Kisha, ikiwa karibu sana hata nikaona vichwa viwili kwenye kioo cha mbele, injini ilipasuka kwa mngurumo, ikainua pua na kuondoka. Nguo zilipepea. Kutoka bandani nikasikia kitu ambacho sijui nikiiteje, si kelele za kuku ninazozijua. Nilipofika, kundi zima lilikuwa limekimbilia pembe moja na kupandana, tabaka juu ya tabaka, na wale wa chini walikuwa wameshakosa hewa. Niliwachomoa mmoja mmoja. Wengine walisimama wakajikung'uta. Wengine hawakusimama.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alisikiliza vizuri, siwezi kusema hakusikiliza. Kisha akageuka kwenye meza yake, akafungua Kitengela Chini, na kwa kuwa programu huhifadhi yaliyopita, akairudisha nyuma hadi mchana ule. Ramani ilikaa tupu. Akaiendesha polepole, akaiendesha tena.

"Hakuna kitu hapa, mama. Angalia mwenyewe."

"Niliiona na macho yangu."

"Ulisema imekuja bila sauti?"

"Bila sauti. Halafu ikanguruma ghafla."

"Sasa ndege itakujaje bila sauti? Ndege iko na injini." Alikuwa mpole kabisa. "Labda ni lori za kwari. Wakimwaga mawe inashtua hata mtu."

Nilimwambia lori halina mabawa. Akacheka, akadhani nimeanza utani.

Yaliendelea hivyo. Si kila siku. Zilikuwa zinapita wiki mbili kimya hadi nikadhani imekwisha, halafu ikaja tena mara mbili katika siku tatu. Kila ilipokuja niliwapoteza kuku kadhaa, na waliobaki walipunguza kutaga, kwa sababu kuku aliyeshtuka hafanyi kazi. Kila jioni nilieleza na kila jioni ramani ilirudishwa nyuma ikiwa tupu. Hatukugombana. Ningependelea tugombane. Yeye alikuwa ananifafanulia, kwa sauti anayotumia na watoto wakati wa hesabu, kwamba banda pengine limejaa kupita kiasi, kwamba nguchiro huenda wanaingia, kwamba mtu akiwa peke yake mchana kutwa anaweza kusikia mambo.

Siku moja tulimwita daktari wa mifugo. Alipasua kuku mmoja, akamwangalia ndani, akanawa mikono.

"Hii si ugonjwa," alisema. "Hawa wameshtuka, wakarundikana, wale wa chini wakakosa hewa. Ni nini inawashtuanga?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitangulia.

"Huku hakuna kitu, daktari. Ni kimya kabisa. Kuja nikuonyeshe."

Akampeleka sebuleni. Nilibaki nje na ndoo ya maji na sabuni, nikawasikia wakizungumza, daktari akisifia ile mashine. Waliporudi, daktari aliniambia nipunguze msongamano na kuongeza vitamini kwenye maji. Aliniambia mimi, lakini alikuwa akimwangalia yeye. Iliniuma kuliko kufa kwa kuku. Kuku wangeweza kununuliwa wengine. Nilichotaka ni mume wangu aamini neno langu, na niliona kwamba hata mgeni sasa alikuwa amefundishwa asiliamini.

Ningeweza kumwita jirani. Siku iliyofuata tulikutana kwenye uzio, akanisalimu "Takwenya," nikaitikia "Iko," akaniuliza kuku wanaendeleaje. Nikasema wanakufa.

"Ni ile ndege," alisema, bila mimi kumwambia chochote. "Hata mbuzi yangu imejua. Ikisikia imenyamaza juu, inakimbia kwa mti."

"Na wewe umeiona?"

"Kwani mimi ni kipofu?"

Nilirudi ndani nikiwa na nguvu, nikapanga jioni nimlete aseme hayo mbele ya mume wangu. Ilipofika jioni sikumleta. Nilifikiria tukiwa tumeketi pale, mimi na shahidi wangu, naye akimuuliza maswali, na nikaona siwezi. Mke hawezi kutafutiwa shahidi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kama angeamini, angeniamini mimi. Najua ni kiburi, na sijakiacha.

Badala yake niliamua kujifunza mashine. Asubuhi, watoto wakishaenda shule na kuku wakishalishwa, niliketi kwenye kiti chake. Haikuwa ngumu. Nilikuwa nimeshughulika na mifumo ya bima kwa miaka, na hakuna programu duniani inayokera kuliko mfumo wa madai ya bima. Nilijifunza kukuza maandishi, kwa sababu yake yalikuwa madogo mno. Nilibadilisha ramani nyeusi ikawa ya rangi ya mchanga. Niliondoa majina ya mashirika ya ndege, nikaacha kimo tu. Nikajisikia vizuri, nikabonyeza kuhifadhi.

Jioni ile alikaa kwenye kiti, akabonyeza.

"Nani amegusa Mizigo?"

Nilikuwa nimehifadhi mambo yangu juu ya view yake. Kumbe kuna kitufe cha kuhifadhi juu ya ile ya zamani na kingine cha kuhifadhi kama mpya, navyo vimekaa pamoja bila aibu yoyote. Alikuwa ameitengeneza Mizigo kwa muda mrefu, kila ndege ya maua na rangi yake. Hakunifokea. Alishika kichwa tu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikwenda jikoni nikacheka ndani ya shati la mtoto nililokuwa naenda kulifua.

Ndipo akanitengenezea yangu. Alisema ni afadhali niwe na view yangu ili nisiguse zake. Alinakili Kitengela Chini, akaniachia maandishi makubwa na ramani ya mchanga, akaniwekea nyumba yetu katikati na alama ya nyota. Chujio lilibaki lilelile: kuanzia sifuri hadi futi elfu tatu. "Hapo ndege ndogo yoyote ikipita juu yetu utaiona," alisema, na alikuwa anasema kwa nia njema kabisa. Ndiyo shida ya mtu mwenye nia njema, huwezi hata kumkasirikia ipasavyo.

Kwa hiyo nilikuwa na mwonekano wangu, nyota yangu katikati, na utupu wangu. Niliuacha wazi mchana kutwa. Nilipeleka kiti karibu na dirisha ili nione skrini na banda kwa pamoja. Ikapita wiki. Kisha ikaja. Nilisikia ule unyamavu, maana mtu akishaujua anausikia, ndege iliyokuwa ikivuma mbali halafu haivumi tena. Nikatazama nje: ile pale, nyeupe, mstari mwekundu ubavuni, inashuka. Nikatazama skrini: hakuna. Nikatazama nje tena, kisha skrini tena. Na kwa muda mfupi, kabla injini haijanguruma, niliamini skrini. Nilisimama kwenye sebule yangu mwenyewe nikijiuliza kama kile kilichokuwa mbele ya macho yangu kipo.

Kuku wakapandana. Sikukimbia. Nilitembea, nikawatenganisha kwa mikono, nikakaa chini kwenye maranda nikalia. Si kwa sababu yao. Niliogopa kwamba mume wangu amenifikisha mahali ambapo hata mimi sijiamini, na kwamba hajui kwamba amenifikisha hapo.

Jioni ile sikumweleza chochote. Aliuliza kuku wako aje, nikasema wako sawa.

Jumamosi moja tulikwenda Kajiado kwa harusi ya mwenzake wa kazini. Ilikuwa harusi nzuri, hotuba nyingi, jua kali, na baada ya chakula mume wangu alikutana na watu aliosoma nao, wakaanza yale mazungumzo yasiyo na mwisho. Viatu vilikuwa vinanibana. Nilimwambia nitamsubiri penye kivuli, nikatembea polepole hadi kwenye kituo cha zamani cha reli inayokwenda Magadi. Hapakuwa na mtu. Niliketi kwenye ukingo wa jukwaa, nikavua viatu, nikatazama kibao cha kituo kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Kiliandikwa jina la mji kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kiliandikwa kimo cha mahali pale kutoka usawa wa bahari. Futi elfu tano na mia kadhaa.

Nilisoma tu kama mtu anavyosoma pakiti ya chumvi. Kisha nikasoma tena.

Nikakumbuka ndege za maua kwenye Mizigo. Zikiwa zinakaribia kugusa ardhi ya uwanja mkubwa, maandishi kando yake yalisema elfu tano na kitu. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi na kuyapita, nikidhani ni mambo ya mashine. Ndege haipimi kimo kutoka kwenye paa la nyumba yangu. Inapima kutoka baharini, ambako mimi nimefika mara moja tu, na sisi wote huku, watu, mbuzi, kuku na kwari zao, tunaishi juu ya elfu tano. Chujio langu lilikuwa linatafuta ndege zilizo chini ya elfu tatu. Ili ndege ionekane kwenye Kitengela Chini ingebidi ichimbe kisima.

Nilicheka peke yangu pale kituoni, kwa sauti. Halafu nikaacha kucheka, na hasira ikapanda polepole hadi shingoni.

Mume wangu alinikuta nimesimama bila viatu.

"Soma," nikamwambia.

"Kajiado," akasema.

"Soma ile ya chini."

Akasoma. Akanitazama, hajaelewa bado.

"Na kule kwetu?" nikamuuliza. "Kwetu ni juu ya bahari kiasi gani?"

"Kwetu ni chini ya hapa kidogo. Elfu tano na…"

Nilimwangalia uso wakati hesabu ikiingia. Aliketi pale nilipokuwa nimeketi mimi, na suti yake ya harusi, kwenye vumbi. Akasema ile elfu tatu aliitoa kwenye video, alipokuwa anajifunza, na yule mtu wa kwenye video nyuma yake kulikuwa na bahari. Alisema hivyo kama mtu anayetaja tarehe.

Tulishika njia ya nyumbani. Isinya ikapita, mabanda ya nyanya na vitunguu yakapita. Nyumbani hakuvua hata koti. Alifungua Kitengela Chini, akapandisha dari la chujio hadi elfu saba, akairudisha nyuma. Mistari ikaanza kujichora. Ndege ndogo ilizunguka juu ya nyanda, ikateremka kwa mzunguko kuelekea kwenye nyota yetu, ikapita juu ya mabati, ikapanda na kwenda zake. Akafungua siku nyingine niliyowahi kuitaja. Ipo. Nyingine. Ipo.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa miezi. Lilipokuja lilikuja likiwa limenipa mgongo, likaambiwa kompyuta.

"Mimi nilikuambia," nikasema.

"Najua uliniambia."

"Hapana. Hujui."

Akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona kwamba hatukuwa tunazungumza habari za ndege. Akaenda kubadilisha nguo.

Jumatatu alipiga simu kwenye chuo cha urubani kinachomiliki ile ndege. Alikuwa amepata alama zake za usajili kwenye mstari. Mwalimu aliyezungumza naye alikuwa mstaarabu. Alieleza kwamba wanafunzi hufundishwa cha kufanya injini ikizimika angani: mwalimu hupunguza injini hadi karibu haisikiki, mwanafunzi huchagua mahali pa wazi na kushuka kana kwamba atatua, na ikikaribia ardhi hurudisha nguvu zote na kupanda. Kiwanja kilicho nyuma yetu, ambacho hakijajengwa, kilionekana kizuri kutoka juu. Hakujua kuna kuku. Aliahidi kuwaambia wenzake wasogee mbali, ila akasema walimu hubadilika na wanafunzi hupotea njia, kwa hiyo tusishangae ikitokea siku moja moja.

Mume wangu pia alimpigia kaka yangu. Nilimsikia kutoka jikoni: "Shem, ndege ziko. Ulisema ukweli." Walicheka sana. Kwake ilikuwa rahisi kumkubali shemeji.

Kwangu mimi alileta view. Aliitengeneza kwa siku kadhaa, akirudi kazini anaketi hapo kabla ya kula. Aliiita Kuku. Ilikuwa na duara kuzunguka nyumba, rangi zilizobadilika kadiri ndege inavyoshuka, na mlio wa onyo ndege yoyote ndogo ikiingia duarani, ili nipate nafasi ya kufika bandani. Kwa maana nilikuwa nimegundua dawa: kuku wakinisikia ndani ya banda, nikitembea polepole nikiwasemesha, hawapandani. Wanatetemeka, lakini wanabaki walipo. Huwa nawaambia bei ya unga, habari za kanisani, chochote. Aliiweka Kuku juu kabisa ya orodha, juu ya Mizigo. Ilikuwa kazi safi. Nilimshukuru na nilimaanisha.

Lakini haikuwa nilichokuwa nakitaka, na sikujua namna ya kumwambia bila kuonekana mtu asiyeshiba. Sasa aliniamini kwa sababu mashine ilikuwa imerekebishwa. Mlio ukilia akiwa nyumbani alikuwa akiniambia, "Ehe, iko inakuja." Usipolia, nikisema nimesikia kitu, shingo yake iligeuka kwanza kwenye skrini. Haikuwa makusudi. Ni shingo tu. Nilikuwa nikiiona kila mara, na kila mara kitu fulani ndani yangu kilirudi nyuma hatua moja.

Jumamosi moja, wiki kadhaa baadaye, alikuwa mezani kwake, Kuku ikiwa wazi, chai kando. Watoto walikuwa nje barabarani na baiskeli. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikikatakata sukuma. Anga lilikuwa wazi, hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa lori moja mbali upande wa kwari. Sikuwa nimepanga. Nilisema tu.

"Inakuja."

Shingo ikageuka. Skrini ilikuwa tupu: nyota, duara, mchanga. Hakukuwa na mlio. Alitazama pale nami nikamtazama yeye, kisu kikiwa juu ya majani, na nikajiambia kwamba akiniuliza kama nina uhakika nitanyamaza, nimalize sukuma yangu, na sitasema neno lingine kuhusu hili maisha yangu yote.

Hakuuliza. Aliiangalia ile ramani tupu kwa muda, kisha akanitazama mimi. Akainuka, akavaa ndala, akapita mbele yangu kwenda nyuma. Kupitia dirishani nilimwona akiinama kuingia kwenye mlango mfupi wa banda. Alianza kutembea kati yao polepole kama nilivyomfundisha, na kwa kuwa hajui habari za kanisani akawa anawatajia kuku vituo vyote vya barabara ya Namanga, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya chini, akinyamaza kila baada ya muda na kuinua uso kuelekea mabati, akisubiri.

Hakuna kilichokuja. Nilimwacha huko mpaka alipofika Namanga yenyewe.

Aliporudi alikuwa na manyoya kwenye nywele na maranda kwenye soksi. Hakuitazama kompyuta.

"Imepita?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, imepita, akae amalize chai yake.